Mkeka wa Katikati

Saa nne asubuhi, chini ya turubai la kukaa watu mia, walikuwepo watu wanne, na mmoja wao alikuwa mwenye turubai. Viti vya plastiki vilipangwa mistari sita, vitupu. Upepo wa Julai wa Sumbawanga hauna habari na msiba wa mtu. Ulivisukuma viwili vikaanguka chali, na hakuna aliyeinuka kuviinua.

Ndani, Bibi Scola alikuwa kitandani kwake, ameshafungwa kidevu kwa kitambaa cheupe. Alikata roho alfajiri. Huyu ni mwanamke aliyelala kwenye misiba ya mtaa wao wa Kizwite kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu akifa, kabla wenye mji hawajamaliza kulia, Bibi Scola ameshafika na mkeka kwapani. Sasa zamu yake imefika, na hata mkeka mmoja haujaonekana. Haya, mniambie hiyo ni adabu gani.

Mwanawe, Oswaldi, fundi baiskeli wa Mazwi, alikuwa anazunguka uani na simu sikioni. Kila aliyempigia alimjibu vizuri. Pole sana, tunakuja. Tuko njiani. Alianza kupiga saa kumi na mbili, na njia za Kizwite zenyewe si ndefu kiasi hicho.

Mdogo wake, Yonas, alifika kwa bodaboda kutoka Kaengesa, vumbi limemfika kwenye kope. Alilia mlangoni, akatoka, akaangalia viti.

"Watu wako wapi?"

"Wanakuja," alisema Oswaldi.

"Wanakuja kutoka wapi? Mbeya?"

Aliyemjibu alikuwa Mayunga, jirani yao wa upande wa mashamba, Msukuma mwenye ng'ombe, ambaye ndiyo kwanza anashusha kuni kwenye mkokoteni wake. Mayunga hajui kuzunguka na neno.

"Hawaji," alisema. "Mke wangu kawasikia kisimani. Akina mama wamesusa. Wanasema nyumba hii hailali kwa watu, basi na watu hawalali kwenye nyumba hii. Na wake zao wakisusa, hao wanaume watakuja na jembe la kuchimbia kaburi kwa ruhusa ya nani?"

Oswaldi akaishusha simu. Alikuwa anajua. Alikuwa anapiga ili asisikie likisemwa kwa sauti.

Utaratibu wa mtaa ule unaeleweka hata kwa mtoto. Pakitokea msiba, kila nyumba inatoa mwanamke mmoja, anakwenda na mkeka wake, analala na wafiwa walau usiku mmoja. Kupika wanapika wote, kulia wanalia wote, lakini kulala ndiko kunakoandikwa kwenye daftari la umoja wa akina mama. Nyumba ya Oswaldi ilikuwa inaandikwa vizuri miaka yote, kwa sababu Bibi Scola ndiye aliyekuwa akienda. Kisha miaka miwili iliyopita akapooza upande mmoja, na zamu ikamwangukia mke wa mwanawe, Agnesi. Tangu siku hiyo, Agnesi hakulala kwenye msiba hata mmoja.

Mwanzo alisema anamuuguza mama mkwe, wakamwelewa. Halafu watu wakajua kwamba binti yake, Faith, analala chumba kimoja na bibi yake na anaweza kumgeuza mwenyewe. Sababu ikafa hapo. Agnesi akatafuta nyingine, mara kichwa, mara wageni, mara mlango haufungi. Alileta kuni, akaleta unga, akasonga ugali kwenye masufuria ya misiba mpaka mabega yakamuuma, lakini jua likizama anaaga. Watu wakamaliza: ana maringo.

Ukweli ulikuwa ndani ya sweta. Agnesi alivaa sweta la mikono mirefu Januari na Julai, soksi ndefu, kitenge mpaka chini ya vifundo, na kilemba kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa na ugonjwa wa ngozi ambao daktari aliutamka mara mbili ili aushike, soriasisi. Daktari alimwambia ngozi yake inajizaa upya kwa haraka mno, ya chini inaisukuma ya juu, ndiyo maana inarundikana magamba. Akamwambia hauponi kabisa ila unatulizwa, na hauambukizi. Dawa ya kupaka ilimsaidia kila ilipopatikana. Lakini kitu ambacho hakikumwacha ni muwasho wa usiku.

Yonas alimfuata jikoni. Agnesi alikuwa anachochea moto wa maji ya kumwoshea marehemu.

"Shemeji, pole."

"Asante, shemeji. Pole na wewe."

"Sikiliza. Mama anazikwa kesho saa sita, padri ameshaambiwa. Siwezi kukodi vibarua wamchimbie mama yangu kaburi kama mtu aliyeokotwa stendi. Nenda kwa yule mwenyekiti wao. Piga magoti, sema ulikuwa na kiburi, wakusamehe, yaishe."

"Sikuwa na kiburi."

"Nani anauliza kama ulikuwa nacho? Kiburi kila mtu anacho. Mtu akisema nilikuwa na kiburi, watu wanafurahi, wanamsamehe, wanakuja wanakula."

"Na nikisema ukweli?"

Yonas aliangalia mikono ya sweta la shemeji yake, kisha akaangalia sufuria.

"Ukisema ukweli huo, shemeji, hawatakula chakula chako."

Hapo ndipo Agnesi alipokasirika, nadhani kwa mara ya kwanza kwa kiwango kile tangu aolewe. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya Yonas. Oswaldi si mtu mbaya. Ni mtu wa kuamka mapema, kwa hiyo mwaka wa tatu huu analala kwenye kochi sebuleni, maana mikwaruzo ya mkewe ilikuwa inamwamsha. Hawakugombana. Siku moja alichukua blanketi lake, na kesho yake hakulirudisha.

"Na wewe unasemaje?" Agnesi alimuuliza.

"Mimi nataka mama azikwe na watu," alisema Oswaldi. "Sijui zaidi ya hapo."

"Hata mimi nataka azikwe na watu. Lakini sitaomba msamaha kwa kukosa usingizi. Hilo msahau."

Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka.

*

Wanawake walikuwa nyumbani kwa Otilia, mwenyekiti wa umoja wao, wamezunguka lundo la mahindi, wanapukuchua. Ulikuwa msimu wake, lakini wanawake kumi na saba hawapukuchui mahindi ya mtu mmoja bila sababu. Walikuwa wamekaa pale ili wasikae kwingine. Kila mmoja alikuwa amefunga kanga ya msiba kiunoni, tayari kwenda kama mwenzake angekwenda.

Agnesi alipofika, mikono yote ilipunguza mwendo. Otilia ni mwanamke mnene wa miaka sitini, mjane, mwenye nyonga mbovu na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Asante. Pole hiyo ilikuwa inatakiwa nyumbani kwangu."

Mtu mmoja akaguna. Otilia alijifuta mikono, akatoa daftari chini ya mkeka kama vile lilikuwa linasubiri.

"Msiba wa mzee Kasmir," alisoma, "hukulala. Msiba wa mtoto wa Flavian, mtoto mchanga, Agnesi, hukulala. Msiba wa mume wangu." Hapo akaliweka chini, hakuwa anahitaji kusoma. "Uliniletea debe la unga. Debe la unga halilali kwenye mkeka. Nilikuwa mjane wa siku moja. Nikageuka usiku nikawahesabu waliokuwa nami, ukutani mpaka ukutani. Nyumba ya Scola peke yake haikuwepo. Scola alikuwa hajiwezi, sawa. Wewe je?"

"Na kwenye mikutano anasinzia mpaka udenda," alidakia mwingine. "Usiku hayupo kwa wafiwa, mchana anasinzia. Huko usiku anakuwa wapi?"

Wakacheka kidogo. Mnajua kile kicheko, cha kumwambia mtu kwamba jibu tayari tunalo.

Agnesi akaanza kufungua vifungo vya sweta. Kicheko kilikatika kwenye kifungo cha tatu. Akalivua, akalitupa juu ya mahindi, akabaki na blauzi ya mikono mifupi mchana kweupe, kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa miaka sita. Kutoka kwenye viwiko kushuka, mikono ilikuwa na mabaka mekundu yaliyonyanyuka, juu yake magamba meupe yanayobanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani, na katikati ya magamba mistari ya kucha, mingine bado ina damu. Akakisogeza kilemba nyuma. Magamba yalifuata ukingo wa nywele mpaka nyuma ya sikio.

"Mnauliza usiku nakuwa wapi," alisema. "Nakuwa humu. Saa tatu naingia kitandani. Blanketi likishapata joto tu, linaanza kuwasha. Nikilitupa, baridi ya huku mnaijua, hakuna wa kuniambia. Nikijifunika, najikuna. Nimeshakata kucha mpaka nyama, nikalala na soksi mikononi, nikakaa na miguu kwenye beseni la maji saa nane ya usiku, Julai hii hii. Usingizi unanichukua saa tisa, na saa kumi na moja nawasha moto. Huo ndio usiku wangu, saa mbili. Ndiyo maana nasinzia. Kama kuna mtu alifikiri nina bwana, na aniambie huyo bwana angekaa wapi."

Lydia, mdogo kuliko wote, aliyeolewa mwaka jana, akauliza kwa sauti ndogo:

"Inaambukiza?"

Wenzake walimkemea kwa macho, ingawa wote walikuwa wanasubiri mtu aulize.

"Haiambukizi. Oswaldi niko naye miaka kumi na saba, kamwangalieni. Faith nimemnyonyesha. Bibi Scola nimemwogesha kwa mikono hii kila asubuhi kwa miaka miwili. Bado yuko kitandani pale. Anayetaka ushahidi aje amfunue, aone kama ana hata upele."

Otilia alikuwa anaiangalia mikono ile bila kukwepesha macho. Kwa hilo nampa sifa.

"Kwa nini hukusema?"

"Wa nyumbani waliona wenyewe. Niliyemwambia ni mtu mmoja, na ndiye huyo amekufa. Miaka minne ya mwisho kabla hajapooza alikuwa anakuja kwenu ili mimi nisije, akizuga kwamba anapenda misiba. Hakuna mtu anayependa misiba kiasi kile, mama. Alikuwa ananifichia. Ningekwambia wewe, ungenipa mkeka upi?"

Otilia alifikiri. Angeweza kusema uongo mzuri, na wote wangeuitikia.

"Wa mlangoni," alisema.

"Basi."

"Basi nini? Umekuja kuomba msamaha au umekuja kutugombeza?"

"Sikuja kuomba msamaha, sijakosa. Nimekuja kuwaambia kwamba leo kwangu panatandikwa mikeka, na mimi nalala katikati ya chumba. Mlangoni silali. Anayekuja, karibu. Asiyekuja, asiseme amemsusia Scola kwa sababu ya daftari. Aseme ameuogopa mkono wangu. Scola amelala kwenye nyumba zenu zote, na hata mmoja wenu hamdai usiku."

Akageuka. Sweta aliliacha juu ya mahindi. Alipofika barabarani baridi ilimpiga mikononi, akatembea hivyo hivyo, na watu wa baiskeli waligeuka kumtazama mpaka mmoja akakaribia kuingia mtaroni. Alikuwa na hakika kwamba ameuharibu msiba wa mama yake mkwe.

*

Kwa muda mrefu ilionekana kweli ameuharibu. Saa tisa hakuna, saa kumi hakuna. Yonas alikaa na simu anaulizia vibarua na hakumwangalia shemeji yake usoni. Agnesi na mke wa Mayunga walimwosha Bibi Scola wawili tu, wakamvika gauni lake la kanisani.

Saa kumi na moja Lydia akaja na mkeka. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akaingia, akautandika. Baada yake wakaja wawili, halafu watano pamoja, na giza lilipoingia nyimbo zilikuwa zimeanza. Wawili hawakuja kabisa, na hawajaja mpaka leo. Waume walifuata, wakawasha moto uani, wakaanza kubishana habari za mbolea kama wanaume wa msiba wowote. Oswaldi alipokea mikono ya watu huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Wakati wa chakula Yonas hakukosea sana. Ugali uliosongwa na Agnesi ulizungushwa, na wanawake sita walisema tumbo limejaa. Agnesi aliwahesabu. Mmoja wao alimenya ndizi aliyokuja nayo, akaila akiangalia ukuta. Agnesi alirudi na sinia mkononi, akakaa mbele yao, akala sehemu yao mpaka ikaisha.

Otilia aliingia wa mwisho, na mablanketi mawili. Alimkuta Agnesi amelala katikati ya chumba kama alivyosema, blauzi mikono mifupi, na kumzunguka pande zote uwazi wa kutosha kulaza watu watatu. Wengine walikuwa wamebanana ukutani kama dagaa kwenye gunia, mguu wa huyu mdomoni kwa yule. Otilia aliangalia ukutani, akaangalia katikati, akashusha mkeka wake puu, ubavuni kwa Agnesi.

"Msinitolee macho," aliwaambia. "Nyonga yangu haiwezi kubanwa. Mnaacha nafasi nzuri yote hii, mna wazimu?"

Taa ilipopunguzwa, joto la miili likajaa chumbani, na kama kawaida yake ngozi ikaamka. Agnesi aliuma meno. Akaikuna kwa ncha ya kidole, polepole, chini ya kanga.

"Jikune," ilisema sauti ya Otilia gizani. "Unavyojikuna kimyakimya kama panya ndiyo inanikera."

Basi Agnesi akajikuna. Kwa sauti, mkono mzima, halafu mgongo. Mtu akasonya upande wa dirisha.

"Najikuna," alisema Agnesi, "na nitajikuna mpaka asubuhi. Mwenye usingizi wake aushike."

Lydia akapasuka kicheko, na kikaenda ukuta hadi ukuta, na wale wa nje wakaacha mbolea wakauliza kuna nini humo. Baadaye kidogo mwanamke mmoja wa ukutani, aliyechoka kubanwa, alivuta mkeka wake akausogeza kwenye uwazi. Hakuja karibu sana, lakini alikunjua miguu.

*

Alfajiri Otilia aliketi juu ya mkeka wake, macho mekundu, kilemba kimeenda upande.

"Nimekusikia ukijikuna saa nane," alisema. "Nimekusikia saa tisa. Saa kumi nikasema huyu mtu atachoka lini. Usiku mmoja tu, kichwa kinataka kupasuka. Wewe miaka mingapi?"

"Sita."

Otilia akakunja blanketi la kwanza. Alilikunja vibaya, akalikunjua, akaanza tena.

"Ile siku ya mume wangu."

"Nilikuwa macho," alisema Agnesi. "Dirisha langu linaelekea kwako. Nilisikia nyimbo zote. Mlipoacha kuimba nikakusikia wewe peke yako, mpaka kwenye saa kumi hivi. Nikanyamaza, nikawa nakusikiliza."

Otilia aliegemeza mkono sakafuni, na alilia palepale, kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe, na wanawake wakaamka wakidhani ameanza maombolezo ya asubuhi, wakamwitikia. Agnesi hakumshika. Alikaa karibu naye mpaka alipomaliza.

"Nitaandika umesamehewa yote ya nyuma," alisema Otilia, anapangusa pua kwa kanga.

"Usiandike hivyo."

"Niandike nini basi, Agnesi, na wewe kichwa ngumu?"

"Andika nyumba ya Scola ilikuwa macho."

Otilia alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta kalamu.

Nje, wanaume walikuwa wanafika na majembe na makoleo begani, wawili wawili, wanamsalimu Oswaldi, wanauliza njia ya makaburini kana kwamba hawaijui. Yonas aliwahesabu mpaka thelathini na moja, akaacha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda juu ya mapaa ya mabati.

Wanawake walianza kutoa mikeka. Agnesi alitoka na wa kwake, na ulikuwa mweupe. Magamba ya usiku mzima yalikuwa yamejaa kwenye kila msuko, pamoja na vidoa vya damu. Kwa miaka sita shuka zake alizikung'utia nyuma ya choo kabla hakujapambazuka, peke yake. Sasa alisimama katikati ya ua, kati ya majembe na viti, na mikono yake iko wazi mpaka begani. Wanaume waligeuka.

Yonas alimsogelea haraka. "Shemeji," alinong'ona, "nenda nyuma ya nyumba. Watu wanaangalia."

Agnesi aliushika mkeka kwa pembe mbili, akauinua juu ya kichwa.

"Jua liko huku," alisema, na akaukung'uta.